Embe halimo: kwa nini mchezo wa kubahatisha neno tuuhesabu kwa silabi

Kwa wiki kadhaa sasa, vile viraba vya kijani, njano na kijivu vya mchezo wa Wordle vinavyoingia kila asubuhi kwenye makundi ya WhatsApp vimeanza kubeba maneno ya Kiswahili. Awali vilikuwa vya Kiingereza vitupu. Sasa wapo wanaotumia programu ndogo zilizoundwa na vijana wetu, na wapo wanaotegeana kwa mkono: mmoja anaficha neno, wenzake wanabahatisha, naye anawajibu kwa rangi. Nimefurahi sana kuona hivyo. Lakini pamoja na furaha hiyo imekuja hukumu ambayo nimeisikia kwa watu watatu tofauti, wote wapenzi wa lugha, kwamba Kiswahili hakiuwezi mchezo huu. Mmoja anasema ni rahisi kupita kiasi, maana kila neno huishia irabu. Mwingine anasema hauchezeki, maana unafika mahali unabaki kurusha kete gizani. Nadhani wote wanailaumu lugha kwa kosa la kisanduku, yaani ile safu ya nafasi tano za herufi. Mchezo wa herufi tano ulitengenezwa kwa lugha inayosumbuliwa na herufi zake. Kiswahili hupimwa kwa silabi, na mchezo wake wa kubahatisha neno unapaswa kuhesabu silabi.

Tuanze na ulikotoka. Mchezo uliowasha moto huu, Wordle, uliundwa na Josh Wardle, mhandisi wa programu mzaliwa wa Wales aliyekuwa akiishi Brooklyn. Aliutengeneza kwa ajili ya mwenzi wake, Palak Shah, aliyependa michezo ya maneno. Oktoba 2021 akauweka wazi kwa watu wote. Tarehe 1 Novemba mwaka huo walioucheza walikuwa 90. Tarehe 2 Januari 2022 walikuwa wamepita 300,000. Na kabla Januari haijaisha gazeti la The New York Times likaununua. Kanuni zake zinajulikana: neno moja kwa siku, la herufi tano, lile lile kwa kila mtu, na majaribio sita; kila jaribio hujibiwa kwa rangi, kijani kwa herufi iliyokaa mahali pake, njano kwa iliyomo lakini mahali pengine, kijivu kwa isiyomo. Kanuni zenyewe hazikuwa ngeni, kwani mchezo wa karatasi uitwao Jotto ulikuwa ukiwabahatishia Wamarekani maneno ya herufi tano tangu 1955. Kilichokuwa kipya ni kwamba watu wote walihangaika na neno moja siku moja, na kwamba mtu aliweza kuwaonyesha wenzake safari yake kwa viraba vya rangi bila kulitaja neno. Jambo jingine husahaulika. Kiingereza kina maneno kama 12,000 ya herufi tano, na Palak Shah ndiye aliyeketi akayapitia mpaka yakabaki kama 2,500 ambayo mtu wa kawaida anayafahamu. Kazi hiyo ilifanywa na mtu, neno kwa neno, na nitairudia huko mbele.

Sasa jiulize kwa nini herufi zinanoga sana kwa Kiingereza. Ni kwa sababu sauti na maandishi ya lugha ile vilishaachana njia zamani. Mtoto wa Kiingereza hushindanishwa shuleni kuandika tahajia za maneno ambayo anayatamka vizuri tangu akiwa na miaka minne. Kuna herufi zinazoandikwa na hazitamkwi, na sauti moja huandikwa kwa njia tano. Pengo hilo ndilo uwanja wa mchezo. Januari 2022 jibu la siku moja lilikuwa FAVOR, na Waingereza wengi walikasirika kwa kuwa wao huongeza U katikati. Ugomvi wa tahajia kama huo si rahisi kuzuka kwetu. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa; anayeweza kulisema neno kwa usahihi anaweza kuliandika. Ukiuleta mchezo unaokula pengo la tahajia kwenye lugha isiyo na pengo, huna budi kuona umepungukiwa kitu, na hapo ndipo watu wanaposema lugha ndiyo yenye upungufu.

Tazama kisanduku chenyewe kinavyotenda kazi. Nenda sokoni ukiwa na kisanduku cha herufi tano: ndizi inaingia, papai linaingia. Embe halimo, lina herufi nne. Chungwa lina saba, nanasi lina sita, nayo parachichi hata usilijaribu. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili popote ambaye sikio lake linaiweka ndizi kundi moja na papai halafu likaliacha embe nje. Ukiyatamka utasikia ndi-zi, e-mbe, chu-ngwa, mapigo mawili mawili, ilhali pa-pa-i na na-na-si ni matatu. Kisanduku kimekata pale ambapo lugha haina kiungo.

Kisha kuna mtego ambao kila aliyecheza kwa Kiswahili amewahi kuuingia. Umeanza na KAMBA. A ya nafasi ya pili kijani, A ya mwisho kijani, nyingine kijivu. Unajaribu PANGA. Herufi nne za mwisho zote kijani, na moyo unakudunda. Lakini sasa una nini mkononi? Janga, nanga, tanga, wanga, ganga, na kama mtegaji wako ni mkali, danga. Umebakiwa na majaribio manne kwa maneno sita, na hakuna akili yoyote itakayokusaidia isipokuwa kubuni neno la kupotezea ili uchuje herufi za mwanzo. Hiyo ndiyo inayoitwa kurusha kete gizani, na malalamiko hayo ni ya haki. Herufi ya mwisho haikukupa chochote, kwa kuwa ulishajua ni irabu. Herufi za katikati nazo huja kwa jozi, N na G, M na B, N na D, kwa hiyo viraba viwili vinakuambia habari moja. Neno la herufi tano kwa Kiswahili mara nyingi ni silabi mbili zilizotandazwa kwenye visanduku vitano.

Na silabi ndiyo tuliyolelewa nayo. Pita nje ya darasa la kwanza lolote, Tanga au Kisumu, utasikia ba be bi bo bu, cha che chi cho chu. Kwa desturi mtoto hafundishwi kusoma kwa kutaja B peke yake. Kabla ya herufi za Kirumi, waandishi wa tenzi za Pate na Lamu waliandika kwa hati ya Kiarabu, ambapo kila herufi huvikwa alama ya sauti yake na mbili hizo kwa pamoja hutoa silabi. Neno lenyewe irabu tumelirithi humo. Washairi wakaziita silabi hizo mizani, na mpaka leo utenzi wenye mizani nane kila kipande ukipungukiwa na mmoja, msikilizaji asiyejua hata kuandika jina lake atashtuka. Vijana wa pwani nao wana mchezo wa kinyume, ule wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza: kitabu kinakuwa bukita, nyumba inakuwa mbanyu. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha mifano yake mwaka 1870 kutoka Unguja, na wakati huo tayari ulikuwa mchezo wa watu. Angalia vizuri kinachotokea kwenye mbanyu: MB imehama ikiwa nzima, na NY imebaki nzima. Hakuna aliyewafundisha vijana hao fonolojia. Sikio lao lilijua mahali pa kukata.

Wala hatutakuwa wa kwanza kufanya marekebisho. Wajapani walipoupenda mchezo huu waliujengea toleo la herufi zao za kana, ambazo nyingi kila moja ni silabi. Wachina wana toleo linalotumia semi zao za maneno manne, na rangi huonyesha pia sehemu za matamshi ya kila neno, yaani unaweza kukosea neno lakini ukaambiwa kwamba sauti ya mwanzo umeipata. Waliuliza kwanza lugha yao huhesabiwaje, halafu ndipo wakachora visanduku.

Nimekutana na hoja za kupinga, na hazina uzito sawa. Iliyo nyepesi kuliko zote ni kwamba huu ni upuuzi wa watu wasio na kazi, na kwamba kuubishania ni kupoteza muda mara mbili. Anayesema hivyo anaangalia neno na hamwoni mtu aliye nyuma yake. Februari 2022, katika kitongoji cha Lincolnwood karibu na Chicago, mwanamke wa miaka 80 alivamiwa nyumbani kwake usiku na kushikiliwa kwa saa 17 hivi. Binti yake, aliyekuwa Seattle, alianza kuingiwa na wasiwasi kwa sababu mama yake alikuwa hajatuma matokeo yake ya Wordle ya siku hiyo. Polisi wakaenda, wakamkuta hai. Sisi tunaotoka kwenye lugha ambayo huwezi kuanza mazungumzo bila kuulizana mmeamkaje, watoto hawajambo, kazi zinakwendaje, tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa viraba hivyo ni kitu gani. Ni hodi. Shangazi yangu hana tena la kuniambia kila siku, wala mimi sina la kumwambia, lakini nikiona amekosa mara mbili akapata ya tatu najua ameamka salama, macho yanaona na akili imetulia.

Hoja nzito zaidi ni ya walimu. Wanasema watoto wetu huchanganya R na L, huandika zahabu badala ya dhahabu, samani badala ya thamani, na mchezo wa herufi ungewanyoosha. Wasiwasi huo ni wa kweli na ninauheshimu. Lakini tazama makosa hayo yalivyo: mtoto hajasahau kwamba H hufuata D. Amechukua silabi moja akaweka nyingine, za mahali pa dha, sa mahali pa tha. Mchezo wa silabi utalikamata kosa hilo pale pale lilipo. Ule wa herufi utamwonyesha kiraba cha D kikiwa na rangi moja na cha H kikiwa na rangi nyingine, kana kwamba ni vitu viwili.

Nzito kuliko zote ni hii: silabi zenyewe hatujakubaliana. Daktari akatwe dak-ta-ri, au da-k-ta-ri, au tumfuate anayetamka dakitari waziwazi? Maneno yenye silabi funge, zile zinazoishia konsonanti, mengi yakiwa yametoka Kiarabu na Kiingereza, yatatusumbua. Hata yetu ya asili yanaleta kesi. Katika kundi letu la jamaa, lililotawanyika Tanga, Mombasa, Pemba na Muscat, mjomba alitega neno la silabi tatu. Siku nzima tulishindwa. Jioni akalifichua: mbuni. Binamu yangu wa Mombasa akaja juu, "Mjomba, hapo umetudhulumu. Mbuni ni mbili, mbu-ni, yule ndege." Mjomba akajibu kwa sauti iliyorekodiwa, taratibu kabisa, "Mwanangu, wewe unamwona ndege, mimi nina shamba. M-bu-ni, mti wa kahawa." Na kweli, herufi ni zile zile tano, lakini kwenye mti ile M ni kiambishi kinachosimama peke yake, na kwenye ndege imeshikana na B. Tulibishana mpaka usiku. Nakiri ugumu huo upo. Ila naomba msomaji aone ulivyo: jamaa wa rika tatu wamekesha wakijadili muundo wa neno la Kiswahili, na kila mmoja alikuwa na sikio la kutetea. Kisanduku cha herufi tano kingeipitisha mbuni bila swali na kulificha jambo zuri kuliko yote lililomo ndani yake.

Kuna pingamizi la hesabu pia. Herufi ni chache, silabi ni nyingi. Irabu 5 zikikutana na konsonanti 25, tukizihesabu humo ch, sh, ny, ng' na wenzake, zinatoa silabi 125, na hapo hujaongeza mb, nd, nj na nyinginezo. Kwa majaribio sita mtu atapapasa wapi? Hapa ndipo fikra ya Wachina inapotufaa, na ndivyo tunavyocheza sisi. Kijani ni silabi sahihi mahali pake. Njano ni silabi iliyomo lakini mahali pengine. Halafu tumeongeza nusu: silabi si yenyewe, ila irabu yake imelingana na ya mahali hapo. Mfano uliotokea kwetu, neno la silabi nne lililotegwa na shemeji yetu wa Pemba. Jaribio la kwanza lilikuwa ba-ha-ri-a. Jibu: nusu, nusu, hapana, hapana. Kwa hiyo silabi mbili za mwanzo zina A. Shangazi akajaribu ma-ra-du-fu. Jibu: nusu, kijani, nusu, na ile fu ya mwisho njano na nusu kwa pamoja. Sasa fikiri naye. Ra imekaa. Fu imo, lakini si ya mwisho, wala haiwezi kuwa ya kwanza kwa kuwa ile ina A, basi ni ya tatu. Ya mwisho ina U. Kitu-fulani-cha-A, ra, fu, kitu-fulani-cha-U, na aliyetega ni Mpemba. Ka-ra-fu-u. Majaribio matatu, na kila hatua ilikuwa ya kufikiri. Hakukuwa na kete wala giza. Maneno ya silabi mbili tumeyaacha makusudi, maana yana mtego ule ule wa panga na nanga. Tatu na nne ndizo zinazonoga, na humo samaki, dirisha na mchungwa vinakaa chumba kimoja, ingawa kwa herufi ni sita, saba na nane.

Umeona pia kwamba shangazi alitumia kitu ambacho hakimo kwenye rangi: alijua nani ametega. Programu ya herufi tano haina mtegaji, na ukishindwa inakufichulia jibu bila kukudai chochote. Kwetu kubahatisha kulikuwa daima jambo la mtu na mtu. Kitendawili! Tega! Na ukishindwa huambiwi tu jibu, unadaiwa mji. Unatoa Mombasa, mtegaji anakataa, unatoa Unguja, anakubali, anasimulia alivyokwenda huko akapokewa, ndipo ategue. Kushindwa kulikuwa na bei, na bei hiyo ilizaa hadithi. Sisi tumeurudisha mji: anayemaliza majaribio sita bila kupata hutoa mji, na mtegaji lazima aseme jambo moja la kweli analolikumbuka kuhusu mji huo kabla ya kulifichua neno. Kwa njia hiyo nimejua kwamba babu yangu aliwahi kufanya kazi bandarini Mtwara, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitaja nyumbani.

Haya yana matokeo kwa vijana wanaounda programu hizi, ambao juhudi yao naithamini kwa dhati. Mwaka 2024 The New York Times lilituma madai ya kisheria ya kutaka nakala za mchezo wake ziondolewe mtandaoni, na miongoni mwa zilizoguswa kulikuwa na za Kikorea na Kibosnia. Gazeti lilidai hata mpangilio wa visanduku na rangi zake. Anayenakili kisanduku kile kile na kubadili maneno tu anajenga kwenye kiwanja cha mwenzake, tena nyumba isiyomfaa. Na ugumu wa kazi hauko kwenye programu. Kijana hodari ataimaliza mwisho wa juma. Uko kwenye ile kazi ya Palak Shah, ya kuchagua neno baada ya neno. Je, tuingize matunda au tunda peke yake? Anapika, tunapika, wamepika, yote ni maneno, na tukiyaruhusu orodha haina mwisho, kwa hiyo lazima mtu aamue kwamba kitenzi kitaingia kama pika tu. Stima kwa Mkenya ni umeme na kwa Mtanzania huenda ikawa meli. Masomo kwa mtu wa Lubumbashi ni shule. Neno la siku likiwa stima, nusu ya wachezaji watalipata na nusu wataona wameonewa, kama Waingereza na ile FAVOR. Orodha hiyo inahitaji watu wa miji tofauti wakae pamoja, wasome kwa sauti, na wagombane.

Na kwenye kikao hicho naomba awepo mtunzi wa mashairi, hata kama ni mzee asiyejua kufungua kompyuta. Kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu, muulize neno daktari lina mizani mingapi. Kisha mtajie mbuni, unyamaze, umsubiri akuulize: yupi?